Jina la Ulingoni na Jina la Kaburini

Neno ulingo lina maana mbili katika Kiswahili, na zote mbili zajulikana sana Mpanda. Ya kwanza ni jukwaa la miti lijengwalo katikati ya shamba la mpunga au la mahindi, ambapo mlinzi hukaa kufukuza ndege, nyani na viboko. Ya pili ni jukwaa lililozungushiwa kamba, ambapo watu hupanda kupigana ngumi au mieleka mbele ya watazamaji. Katika ulingo wa kwanza mmoja hukesha kwa ajili ya wengi. Katika ulingo wa pili wengi humkazia macho mmoja, wala hapana amlindaye. Makala haya yahusu watu wa ulingo wa pili, hasa wapiga mieleka wa kulipwa waliokufa mapema, na namna wapenzi wao wanavyowakumbuka. Shabaha ni kuzipima kumbukumbu hizo kama yapimwavyo maombolezo mengine katika fasihi: kwa yale yanayosema, na kwa yale yanayoyanyamazia.

Huenda mtu akauliza Mpanda ina uhusiano gani na mieleka ya Marekani. Mpanda ni mji uliokuzwa na watu wa mbali. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifika huko mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, na baadaye Mishamo. Wasukuma waliingia na ng'ombe wao, wakawakuta Wabende, Wapimbwe na Wakonongo wenyeji wa nchi. Mwaka 2012 nchi hiyo yote ilitengwa na Rukwa, ikawa Mkoa wa Katavi. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, na kanda za video zilipoenea, mieleka ya Marekani iliingia katika vibanda vya maonyesho vya miji ya bara, ambamo mtu hutoa fedha kidogo akakaa juu ya benchi na jirani asiye wa kabila lake. Lugha ya mtangazaji ilikuwa ngeni, lakini mieleka haidai mkalimani. Mwovu hujulikana kwa mwendo wake, na mwema kwa namna anavyoanguka.

Basi watu hao waliopendwa walikufa, na wengi walikufa vijana. Owen Hart alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 34. Yokozuna alikufa mwaka 2000, naye alikuwa na miaka 34. Davey Boy Smith alikufa mwaka 2002 akiwa na miaka 39. Eddie Guerrero mwaka 2005, miaka 38. Umaga mwaka 2009, miaka 36. Hata mwaka 2023 Bray Wyatt alifariki akiwa na miaka 36. Ni umri ambao mkulima wa Mpanda huhesabiwa kuwa bado yu katika nguvu zake, na hawa walikuwa watu waliolipwa kwa sababu ya nguvu.

Kumbukumbu za wapenzi, zikisikilizwa kwa makini, zina sura tatu. Ya kwanza ni orodha. Mpenzi hutaja majina na umri, jina baada ya jina, kama wazee watajavyo wahenga wakati wa tambiko. Orodha ina heshima yake, kwa kuwa humkatalia marehemu asipotee; walakini huhesabu bila kuuliza. Ya pili ni sifa. Mpenzi husimulia pambano moja lililomshinda kulisahau, jinsi fulani alivyopanda juu ya kamba, jinsi alivyoinuka alipodhaniwa amekwisha. Sifa ni tamu kuliko orodha, lakini humwacha marehemu palepale ulingoni, kana kwamba hakuwa na nyumba ya kurudi. Ya tatu ni laiti. Laiti angalipumzika, laiti angaliacha dawa, laiti angaliwasikiliza waliompenda. Sura hii hujifanya hekima, kumbe aghalabu humtupia marehemu mzigo wote, na kuwasamehe waliomchosha na waliolipa ili wamwone akichoka.

Kabla ya kwenda mbele yafaa kulijibu shaka moja. Wapo wasemao kwamba mieleka hii ni ya uongo, mshindi hupangwa kabla ya pambano, na hivyo machozi ya mpenzi ni machozi ya mjinga. Msukuma wa Katavi hawezi kushindwa na hoja hiyo. Katika mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja mahali pamoja, na watazamaji wana hiari ya kuhama kutoka upande huu kwenda upande ule. Ashindaye ni yule aliyewavuta watu wengi. Majigambo, mavazi na vituko vyote ni kwa ajili ya kuvuta macho, wala hapana asemaye kuwa ngoma hiyo ni ya uongo kwa sababu hiyo. Mpiga mieleka wa kulipwa yu katika mashindano ya namna hiyo. Hashindani na mwenzake aliye mbele yake, maana huyo ni mshiriki wake katika kazi, na kila mmoja humkabidhi mwenzake shingo yake. Hushindana na uchovu wa watazamaji. Ushindi umepangwa, lakini sakafu haikupangwa. Mgongo ukigonga ubao, umegonga ubao.

Hapo ndipo ilipo siri chungu ya mchezo huu. Kwa miaka mingi watu wa mieleka walificha kwamba mapambano yao hupangwa. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya Marekani, iliyoitwa WWF wakati huo na ambayo sasa yaitwa WWE, ilikiri mbele ya wabunge wa jimbo la New Jersey kuwa kazi yake ni maonyesho, si mashindano. Kukiri huko hakukutokana na mapenzi ya ukweli. Mashindano husimamiwa na baraza la michezo, hutozwa kodi, na hudaiwa vibali na ukaguzi. Maonyesho hayana mzigo huo. Basi ukweli ulisemwa kuhusu mchezo, na mwili ukapoteza mlinzi. Wapiga mieleka walihesabiwa kuwa watu wa mkataba wanaojitegemea, si waajiriwa, ijapokuwa walisafiri usiku kwa usiku kwa ratiba wasiyoipanga wao. Aliyeumia alijitibu. Aliyepumzika aliweza kusahauliwa, na katika kazi ya kuvuta macho kusahauliwa ndiko kushindwa.

Fasihi ya Kiswahili inayo kumbukumbu ya mtu mwenye nguvu aliyekufa kabla ya wakati wake, nayo ni kipimo chema cha kupimia kumbukumbu hizi. Ni habari ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijumwa aliiandika kwa utendi mwaka 1913. Liyongo hakupatwa na silaha yoyote ila sindano ya shaba katika kitovu. Mfalme wa Pate alimhadaa mwana wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza, na mwana akamchoma babaye usingizini. Liyongo akainuka na uta wake, akaenda kisimani, akapiga goti na mshale mkononi, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji wakamwona, wakadhani yu hai, wakaogopa kuteka maji mpaka mama yake alipokwenda kumsihi na mwili ukaanguka.

Msomaji atazame mambo ambayo habari hiyo haikuyaficha. Yasifu nguvu, lakini haikuishia katika sifa. Yataja chombo kilichoua, mkono uliokishika, na aliyetoa ahadi nyuma ya mkono huo. Yamtaja mama pia. Mtunzi angaliweza kusema tu kwamba Liyongo alikuwa jabali, akafa, watu wakalia. Angalifanya hivyo, angalikuwa amefanya kama afanyavyo mtu wa orodha. Tena picha ya maiti iliyopiga goti kisimani yamfaa sana mpenzi wa mieleka. Kanda ya video ni kisima cha namna hiyo. Marehemu yumo ndani yake, misuli imetuna, macho yamewaka, na mtazamaji asiye na habari haamini kuwa aliye mbele yake ni maiti. Panahitajiwa mtu wa kwenda karibu na kusema kwamba amekufa, na kusema amekufa kwa nini.

Je, sindano ya wapiga mieleka ilikuwa nini? Sehemu yake ilikuwa sindano yenyewe, bila ya fumbo. Mwaka 1991 daktari mmoja wa Pennsylvania, George Zahorian, alitiwa hatiani kwa kuwauzia dawa za kutunisha misuli watu wa ulingo. Mwenye kampuni, Vince McMahon, alishtakiwa baadaye kuhusu dawa hizo, na Julai 1994 baraza la mahakama lilimwona hana hatia. Zaidi ya dawa za misuli zilikuwapo dawa za kutuliza maumivu, ambazo mtu hunywa ili apande tena kesho juu ya jeraha la jana. Eddie Guerrero alikutwa amekufa katika hoteli ya Minneapolis, Novemba 2005. Mishipa ya moyo wake ilikuwa imeharibika. Ndipo, Februari 2006, kampuni ilipoanzisha utaratibu wa kuwapima watu wake dawa na moyo. Mpenzi asemaye laiti Guerrero angaliacha dawa mapema amesema nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba kipimo kilianza miezi mitatu baada ya maziko, na hapana kisichowezekana katika kipimo hicho ambacho kingalikizuia kuanza mapema.

Karibu na nyumbani upo mfano wa ngumi ambao waonyesha tofauti. Robert Wangila wa Kenya alipata nishani ya dhahabu ya ngumi katika Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988. Akaingia ngumi za kulipwa. Julai 1994, mwezi ule ule wa hukumu ya New York kuhusu dawa za mieleka, alipigana na David Gonzalez huko Las Vegas. Mwamuzi alilikatiza pambano katika raundi ya tisa. Wangila alitoka ulingoni kwa miguu yake, akaanguka katika chumba cha kubadilishia nguo, na baada ya siku mbili akafa, akiwa na miaka 26. Kifo hicho kiliwauma Wakenya, lakini hakikuwachanganya akili. Kila mtu alijua kilichomwua, kwa kuwa katika ngumi pigo huonekana na saa yake hujulikana. Katika mieleka pigo huonekana likafanyiwa mzaha, na kifo huja miaka kumi baadaye katika chumba cha hoteli, mbali na macho. Kwa sababu hiyo mpenzi wa mieleka ana kazi ngumu kuliko mpenzi wa ngumi. Hana budi kuunganisha mambo mawili ambayo muda umeyatenga.

Kazi hiyo huanza na jina. Yokozuna aliingia ulingoni akiwa Mjapani, na jina lake ni la cheo cha juu kabisa katika mieleka ya jadi ya Japani. Kumbe alikuwa Rodney Anoa'i, mtu wa ukoo wa Wasamoa, mzaliwa wa Marekani. Uzito wake ulipita kilo 200, na uzito huo ulikuwa sehemu ya vazi. Jina aliweza kulivua chumbani, taifa la kubuni aliweza kulivua pia, lakini uzito alilala nao. Alikufa Liverpool, katika hoteli, akiwa safarini kwa kazi. Amkumbukaye Yokozuna peke yake amekumbuka vazi. Amkumbukaye Rodney Anoa'i aliyevaa vazi lisilovulika ameanza kumkumbuka mtu.

Watanzania walilipata somo hili kwa msiba wao wenyewe. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, alikuwa mwigizaji wa filamu aliyejiongezea jina la ukubwa, The Great, kama wafanyavyo watu wa ulingo. Alikufa Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28, na umati mkubwa ulijaa katika mazishi yake siku tatu baadaye. Naye alikuwa mtu wa kuanguka katika filamu hii na kuinuka katika filamu ijayo, hata kifo chake kikawa kigumu kusadikiwa. Lakini kwa Kanumba swali la sindano liliulizwa hadharani. Shauri la kuua bila kukusudia lilifika Mahakama Kuu, na mwaka 2017 hukumu ikatolewa. Watu walikubali, watu walikataa, walakini hapana aliyesema kwamba kifo cha mwigizaji hakidai maelezo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuigiza. Haki hiyo iliyotolewa kwa mwigizaji wa filamu wapiga mieleka wengi hawakuipata hata katika mazungumzo ya wapenzi wao.

Lipo pia swali la nani mwenye kumbukumbu. Owen Hart alikufa tarehe 23 Mei 1999 mjini Kansas City, alipokuwa akiteremshwa kwa kamba kutoka dari ya ukumbi, amevaa barakoa ya mtu wa mzaha aliyeitwa Blue Blazer. Kifungo kilifunguka, akaanguka. Maonyesho yaliendelea usiku ule ule. Tangu hapo wapenzi wengi wamedai jina lake liwekwe katika ukumbi wa mashujaa wa kampuni, na mjane wake, Martha Hart, amekataa miaka yote. Wapenzi huona kuwa ni ukaidi. Lakini katika mila za maombolezo za watu wote wa Katavi, kilio huongozwa na wenye msiba. Jirani huja kusaidia, wala haji kuwapangia mahali pa kuzika. Mpenzi ni jirani. Machozi yake ni ya kweli, lakini hayampi hati ya kumiliki maiti.

Mfano wa mwisho ni mzito kuliko yote. Mwezi Juni 2007 Chris Benoit, aliyekuwa na miaka 40, alimwua mkewe Nancy na mtoto wao Daniel wa miaka 7, kisha akajiua. Usiku wa tarehe 25, kabla habari haijajulikana yote, kampuni ilitoa kipindi kizima cha kumsifu Benoit. Siku iliyofuata ilijitenga na sifa zile, na baadaye jina lake likawa halitajwi. Madaktari walioupima ubongo wake walieleza kwamba ulikuwa umeharibiwa vibaya na mapigo ya kichwa ya miaka mingi. Tangu hapo wapenzi wamegawanyika: wengine wataka asisahauliwe kwa kuwa alikuwa stadi, wengine wataka afutwe. Pande zote mbili zabishana juu ya Benoit. Nancy mwenyewe aliwahi kufanya kazi ulingoni, na jina mojawapo alilopewa huko lilikuwa Woman, yaani Mwanamke, basi.  Katika orodha za waliokufa mapema jina lake hutajwa chini ya jina la aliyemwua, na la mtoto halitajwi mara nyingi. Sifa iliyotangulia ukweli ilikuwa kosa la usiku mmoja. Orodha isiyowataja mama na mtoto ni kosa linalorudiwa kila mara inaposomwa.

Kumbukumbu njema, basi, hujulikana kwa mambo manne. Hutaja majina yote mawili, la ulingoni na la kaburini. Hutaja sindano, na mkono, na ahadi iliyokuwa nyuma ya mkono. Huwaachia wenye msiba nafasi yao. Huwahesabu na wale waliokufa pembeni ya ulingo, ambao hapana aliyewapigia makofi. Kumbukumbu iliyokosa hayo yaweza kuwa na machozi mengi, lakini haijawa maombolezo.

Wala mambo hayo si ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Mkoa wenyewe wabeba jina la marehemu. Wabende husimulia habari za mwindaji Katabi, ambaye roho yake yasemwa kuwa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakiweka sadaka chini ya mti huo. Hapana mtu aliye hai aliyemwona Katabi akipinda upinde. Hata hivyo aendaye kwenye mkwaju hampigii makofi. Humpelekea kitu, humwomba, na huondoka na wajibu. Hiyo ndiyo tofauti ya kukumbuka na kutazama tena.

Wanafunzi wa fasihi wa Tanzania wangefanya kazi yenye faida kama wangekwenda Mpanda, Katumba na Mishamo wakakusanya masimulizi ya watu waliokaa katika vibanda vile vya kwanza, kabla kizazi hicho hakijatawanyika. Waandike orodha, waandike sifa, waandike na laiti. Kisha wamwulize kila msimulizi jina la pili la mtu aliyempenda, na kilichomwua. Watoto wa kiume wa mji huo bado hurukiana mchangani kwa kuiga yale waliyoyaona, na vijana huinua vyuma vya zege nyuma ya nyumba ili watune kama wale. Hao nao wastahili kusikia habari yote, pamoja na sehemu ile ambayo kanda hukatika kabla ya kuifikia.